Majeraha ya zamani: mafungo, kaunsela wa kanisa au kikundi cha maombi? (Malindi)

Dama_Maweni
Hamjambo wapendwa. Nna likizo ya wiki moja Agosti na hela kidogo nimeweka, natakiwa nijibu kabla ya Jumapili manake nafasi zinajaa. Kuna mafungo ya siku nne, kufunga na maombezi, ni ya majeraha ya utotoni. Kuna kaunsela wa kanisa hapa mjini, unakaa naye saa moja kila wiki na unalipa kila ukienda. Alafu kuna kikundi cha akina mama mtaani, bure, wanasoma Neno kila Alhamisi. Nataka kuelewa Mungu alikuwa wapi wakati ule na yale yote yalikuwa ya nini. Mngechagua kipi?

FundiKarisa
Jeraha gani dadangu? Si lazima utaje yote, ila aliyekuumiza yuko hai? Mnaonana? Na hayo mafungo ni ya nani?

Upendo_Watamu
Nenda mafungo mpendwa, usingoje. Mi nilienda nikalia mpaka nikaisha nikarudi mwepesi. Yusufu aliuzwa na ndugu zake wa damu na mwisho akawaambia Mungu aliyakusudia kuwa mema. Yote yalipangwa.

MamaNeema_Mpeketoni
Dada Upendo hapo polepole. Mimi ni wa Mpeketoni, Juni 2014 wenye bunduki walituvamia usiku, tukazika watu wetu. Ukiniambia Mungu alipanga usiku ule ntafunga Biblia. Isome tena hiyo Mwanzo 50, Yusufu anawaambia kwanza NYINYI mlinikusudia mabaya, uovu anawaachia wenyewe. Na maneno hayo aliyasema Yusufu mwenyewe, baba yao ameshazikwa, njaa imepita, watu wamelishwa. Hakuna aliyeenda kumwambia pale shimoni.

Upendo_Watamu
Kwa hiyo Mungu hakujua?

MamaNeema_Mpeketoni
Alijua. Kujua si kupanga. Mimi maana ya yale niliipata baadaye sana, nilipoanza kukaa na wajane wenzangu, nikaona nna neno la kuwaambia ambalo mchungaji wetu hana. Ndiyo ile ya 2 Wakorintho 1, unafariji kwa faraja uliyofarijiwa. Lakini ningepewa kuchagua ningemchagua mume wangu.

Kazungu_Ganda
Mi ntasema yaliyonipata. Nilienda maombezi ya namna hiyo, kanisa silitaji. Siku ya pili tukaambiwa kila mtu asimame aseme jeraha lake mbele ya wote ndio kifungo kikatike, nikasimama nikaeleza marehemu baba alivyokuwa akitupiga mimi na mamangu, mambo hata mke wangu hakuwa anayajua. Wiki haijaisha yako sokoni, shangazi anampigia mama simu analia kwa nini mwanao amemvua nguo marehemu. Na usingizi bado sipati. Nikarudi kwa yule mhubiri, akaniambia hujasamehe vya kutosha ndio maana. Hapo ndipo nilipovunjika kabisa, manake kipigo nilijua ni cha baba, lakini hili nimeambiwa linatoka kwa Mungu. Miaka sikukanyaga kanisa. Kilichonirudisha ni mzee mmoja jirani alinisomea Zaburi 88, inaishia gizani, haina shangwe mwishoni, na imo ndani ya Biblia. Nikajua kumbe naweza kumwambia Mungu hivyo hivyo.

FundiKarisa
Pole sana kaka. Na kufunga siku nne mi nauliza, maji yapo? Wenye dawa wanameza? Simu mnabaki nazo? Sisi tumeona Shakahola 2023, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa mle msituni, na wale waliambiwa wafunge mpaka wafe ndio wakamuone Yesu.

Upendo_Watamu
Si kila mfungo ni Shakahola, tafadhali. Yesu mwenyewe alifunga.

Katekista_Malindi
Mimi ni Mkatoliki, nasema nenda kwa padri, siri ya kitubio haitoki. Ila elewa mwanangu, kitubio ni cha dhambi zako. Ulilotendewa huna cha kulitubia. Mi nikilemewa huenda kukaa kwenye kile kikanisa cha Wareno cha makuti, Mtakatifu Fransisko Ksaveri alipita Malindi 1542 akielekea India.

Kazungu_Ganda
Wareno nao tukianza habari yao hatutamaliza leo.

Dama_Maweni
Asanteni. Ni mjomba. Yuko hai, tunakaa kwake mimi na mama. Mkewe ndiye mwenyekiti wa kikundi cha Alhamisi.

MamaNeema_Mpeketoni
Uuwi mwanangu. Basi kikundi hicho kitoe kabisa. Na hela ya mafungo iwe ya kodi ya chumba kwanza, kusamehe si lazima ukae naye.

FundiKarisa
Dama, kuna watoto wadogo humo nyumbani sa hizi? Hili jibu leo. Namba ya simu ya msaada kwa watoto ni 116, bure.

Upendo_Watamu
Sikujua ni hivyo dadangu. Nakuombea. Kaunsela basi, ila uliza kama amesomea.

Katekista_Malindi
Kanisani kwetu kuna sista amesomea, ntauliza siku zake.

FundiKarisa
Dama?