Yawurti ya marakuja inaachia maji kwa frigo, wananiambia ninunue amido E1422, naomba ushauri

Mama_Yawurti_Kadutu:
Bandugu jambo sana. Niko Bukavu, natengeneza yawurti kwa nyumba na kuuzisha kwa butiki za Kadutu na Ibanda. Ili ipate uzito natumia amido (wanga) ya muhogo, naipika na maji ya marakuja na sukari mpaka inakuwa uji, kisha nachanganya na maziwa yenye yameisha kuganda. Siku ya kwanza iko muzuri kabisa, lakini ikilala kwa frigo siku mbili tatu uzito umepotea na juu kuko maji ya manjano, butiki zinanirudishia. Sasa muuzaji mumoja wa soko ananiambia niachane na muhogo ninunue unga wake mweupe, uko kwa kiloba bila etiketi, ati ni E1422, amido yenye imebadilishwa, na bei iko juu sana. Mi naogopa juu wateja wangu wengi ni watoto. Hiyo kitu ni nini kwanza? Ni plastiki? Ni OGM, yaani kitu ya mbegu yenye wamebadilisha kwa maabara? Na naweza kuitengeneza mwenyewe? Munieleze polepole, shimi (kemia) niliiacha kwa sekondari.

Papa_wa_Nguba:
Mama achana na hizo E-E, kula kitu ya shamba. Wazee wetu walikunywa mashanza, maziwa ya kuganda, bila poda yoyote na meno yao ilikuwa mazima.

Fundi_wa_Maabara:
Papa heshima yako, lakini mama ameuliza swali na anastahili jibu. Mama, amido ni glukosi, yaani sukari ndogondogo, nyingi sana zimeshikana mustari, na mistari iko ya aina mbili. Kuko amilosi, yenyewe iko karibu kama kamba ya moja kwa moja, na kuko amilopektini, yenye matawi mengi. Amido ya muhogo ina amilosi kama 17 hadi 20 kwa mia, ya mahindi inafika 25 na zaidi. Ukipika, kuanzia digrii 60 na kitu hivi chembe zinanyonya maji na kuvimba, ndiyo uji wako unapata uzito. Ikipoa kwa frigo, zile mistari za amilosi zinaanza kurudiana, zinalala pamoja na kubanana, na maji yenye ilikuwa katikati inasukumwa inje. Hayo ndiyo sehemu moja ya maji unaona juu.

Lakini shida yako kubwa, kwa vile nasoma, ni marakuja. Marakuja ina asidi kali, pH yake, kipimo cha ukali wa asidi, iko karibu na 3, na wewe unaipika PAMOJA na amido. Asidi na moto vikikutana vinakata vile viungo vya glukosi na glukosi, mistari mirefu inakuwa vipande. Hii kitu inajulikana tangu 1811, Kirchhoff alichemsha wanga na asidi akapata sukari. Kwa hiyo uji wako ulishaanza kuvunjika kwa sufuria, hata kabla ya kuingia frigo.

E1422 ni amido ileile, ya mahindi au ya muhogo, ila kwa kiwanda wanaiongezea vitu viwili. Moja ni madaraja madogo ya asidi adipiki yanayounganisha mustari na mustari, ili chembe isipasuke ikipigwa na asidi, moto au mashini. Ya pili ni vikundi vya asetili, vinaning'inia pembeni na kuzuia mistari isilale pamoja, basi maji inabaki ndani. Na yanawekwa kidogo sana, kanuni ya chakula inaruhusu asetili isizidi 2.5 kwa mia na adipati isizidi 0.135 kwa mia. Si plastiki. Na kubadilishwa kunafanyika kwa unga, si kwa mbegu, OGM ni habari ingine. Wataalamu wa FAO na OMS, mashirika ya ONU ya chakula na ya afya, waliipima na hawakuona sababu ya kuiwekea kipimo cha mwisho cha kula kwa siku.

Kijana_Nyawera:
Mbona iko rahisi, niliona video, unaloweka amido na maji ya javeli (ile ya kung'arisha nguo) na soda kostiki kidogo unakausha, inakuwa imebadilishwa tayari, mama usinunue

Fundi_wa_Maabara:
@Kijana_Nyawera HAPANA, na naomba mutu asiijaribu hiyo kwa chakula ya watoto. Viwanda vinatumia kweli hipokloriti, ile iko ndani ya javeli, kutengeneza amido ingine ya E1404, lakini wanapima pH, wanasimamisha kazi kwa wakati wake, wanaosha na kupima mabaki. Na hata ukifaulu, ile inatoa uji MWEPESI zaidi, inafaa kwa karatasi na bonboni laini, haifai hata kidogo kwa shida ya mama.

Dada_Muzaa_Maziwa:
Mama, hata mimi niko na mashini ya maziwa huku Kabare. Uzito wa yawurti unatoka kwanza kwa maziwa yenyewe. Chemsha mpaka digrii 85 na uiache hapo dakika 30, usiondoe haraka haraka, protini za maji ya maziwa zinafunguka na kujishika na kazeini, protini kubwa ya maziwa, hapo inashika maji vizuri. Na kumbuka huku tuko juu, kama mita 1,500, maji inachemka karibu na 95, usingoje 100. Kisha poza mpaka 43 hivi, tia chachu, na ikiganda USIIKOROGE ikiwa moto, ipeleke baridi kwanza. Ukiiacha ipitilize uchachu inabana na kutoa maji, hata bila amido.

Mama_Yawurti_Kadutu:
Aksanti sana, Mungu awabariki. Sasa Fundi, ile unga ya kiloba, nitajuaje kama ni E1422 ya kweli? Iodi ya farmasi inaweza kunionyesha?

Fundi_wa_Maabara:
Iodi haisaidii mama, zote mbili zitageuka buluu. Fanya hivi: sufuria mbili ndogo, kila moja kikombe cha maji na juisi ya ndimu mbili, moja tia kijiko cha muhogo wako, ingine kijiko cha ile unga. Pika moto sawa, koroga, ziache zichemke dakika 15. Ya kawaida itaanza nzito kisha itashuka mpaka inamwagika kama maji ya mchele. E1422 ya kweli itabaki nzito.

Mama_Yawurti_Kadutu:
Nimejaribisha jana mangaribi. Zote mbili zimeshuka, hata ile ya kiloba imeshuka mbio kuliko muhogo wangu 😡 Kumbe ni amido tu ya kawaida kwa bei ya E1422. Sitanunua. Sasa muhogo niutie wapi?

Fundi_wa_Maabara:
Utie kwa maziwa baridi kabla ya kuchemsha, gramu 8 hadi 10 kwa lita, ukizidisha inavutika mdomoni. Marakuja na sukari upike peke yake, ipoe kabisa, uichanganye mwisho yawurti ikiwa imetoka frigo. Na usiwaachie butiki zaidi ya wiki moja, muhogo wa kawaida utarudi kutoa maji tu, ila polepole.