Dizeli au petroli kwa mtu wa Madale–Posta?

Madale Juu
Wakuu, habari za jioni. Nataka kuagiza Mazda CX-5 ya 2016 kutoka Japani, nimekwama kwenye injini: 2.0 ya petroli au 2.2 ya dizeli. Nakaa Madale, kazi Posta katikati ya Dar, Jumatatu hadi Ijumaa. Desemba tunapanda Moshi, hiyo haina mjadala. Mtaani kila ninayemuuliza anasema dizeli haifi na haili mafuta. Waliokaa na gari miaka mingi, nishaurini. Mliotoa bandarini juzi, vumilieni kwanza.

Bwana Hesabu
Tuanze na karatasi. Kwa foleni zetu tufanye petroli inakupa kilomita 9.5 kwa lita, dizeli 12.5. Ukitembea kilomita 15,000 kwa mwaka, petroli inakunywa lita kama 1,580, dizeli 1,200. Tofauti lita 380. EWURA, wale wadhibiti wa nishati, hutoa bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na hizo bei mbili huwa zinafukuzana tu. Weka 2,900 kote kote: umeokoa kama milioni moja na laki moja kwa mwaka.

Ila bandarini unaanza ukiwa nyuma. Petroli hiyo ni cc 1,997, dizeli ni cc 2,188. Juu ya cc 1,000 mpaka 2,000 ushuru wa bidhaa ni asilimia 5, ukivuka hapo ni 10, na VAT inapigwa juu yake.

Fundi Gerezani
Hesabu imenyooka, ila imeishia sheli. Dizeli hudai chake gereji.

Wanaosema dizeli haifi wanazungumzia injini nyingine kabisa: 1HZ ya Land Cruiser, 5L ya Hiace. Zile hazina kompyuta. Nozeli inafunguliwa, inapimwa kwenye benchi, inarudishwa, gari inaondoka. Ya 2016 ni komoni reli, nozeli zinaongozwa na kompyuta. Mafuta yanasukumwa kwa presha kubwa kupita kwenye vitundu ambavyo kwa macho huvioni vizuri. Maji au uchafu ukivuka filta, imekula kwako. Nozeli nne mpya zinafuta akiba yote ya miaka miwili aliyokupigia Bwana Hesabu.

Lakini nozeli siyo hofu yangu kubwa kwako, Mkuu. Hofu yangu ni hiyo Madale–Posta. Gari hizo zina kichujio cha masizi kwenye ekzosi, DPF. Kikijaa, gari inajisafisha yenyewe: inapuliza dizeli ya ziada ili ekzosi ifike nyuzi 600 hivi, masizi yaungue. Kazi hiyo inataka barabara iliyofunguka, dakika kumi na tano au ishirini za mwendo. Wewe uko taa za Mwenge umekanyaga breki. Inaanza, unafika ofisini unazima, inakatika. Jioni hivyo hivyo. Ile dizeli isiyoungua inateremka kwenye oili. Utamkuta mtu anajisifu gari yake haipunguzi oili, kumbe inaongezeka! Chomoa kijiti. Kiwango kikiwa kimepita alama ya juu na kinanuka dizeli, beringi na turbo hazina ulinzi tena.

Na oili yenyewe iwe ya majivu machache, iliyoandikwa C3 au DL-1 kwenye kopo. Gereji ya kona ikikumwagia ile ya Fuso, majivu yanabaki kwenye DPF, na majivu hayaungui hata ukienda Moshi na kurudi.

Msafiri wa Tunduma
Fundi umesema kweli lakini umeionea dizeli. Mimi niko na Hilux, wiki hii Mbeya, wiki ijayo Songea, mzigo nyuma. Mlima Kitonga pale petroli inalia gia ya chini na geji ya mafuta inashuka unaiona. Dizeli inapanda haina habari. Injini imepita kilomita laki tatu, silinda hedi haijaguswa. Nabadili filta ya dizeli kila sevisi, namwaga maji kwenye kikombe chake, na nikitoka mbio naiacha ingurume kidogo kabla ya kuzima, turbo ipoe. Basi. Tatizo ni watu wa mjini kununua gari ya kazi kwenda nayo saluni.

Mzee wa Temeke
Na mafuta yenyewe? Wenye umri wangu tunakumbuka dizeli ilivyokuwa inachakachuliwa kwa mafuta ya taa, mpaka EWURA wakaanza kuweka vinasaba, ile alama ya kutambua mafuta halali, mwaka 2010, na 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa wajanja wakose faida. Hali ni afadhali sana sasa. Bado sijazi kwenye sheli ambayo tangi la chini limetoka kushushiwa mzigo muda huo huo, uchafu unakuwa umetibuka. Nasubiri au naenda nyingine.

Dada wa Kigamboni
Mbona hakuna aliyegusa gesi? RAV4 yangu ya zamani nimeifunga mfumo wa gesi asilia. Kilo moja ni karibu nusu ya bei ya lita ya petroli, na inakwenda mbali kuliko hiyo lita. Hizo lita 380 zenu hazifui dafu. Ubaya ni buti kuliwa na mtungi, na foleni ya kujaza, hapo uende na chai yako. Nikisafiri mikoani narudi kwenye petroli, swichi tu. Dizeli haina plagi za kuwasha hiyo gesi, kuibadili ni kazi nyingine.

Fundi Gerezani
Sawa dada yangu, ila tusimpoteze. RAV4 yako inapuliza petroli kwenye manifodi, njia ya hewa kabla ya silinda, kuifunga ni rahisi. CX-5 hii inapuliza ndani ya silinda moja kwa moja, inataka seti maalumu ya vifaa, na hata ikiwa kwenye gesi inaendelea kula petroli kidogo ili nozeli zisiungue. Inawezekana, lakini aulize bei ya seti hiyo kabla hajaingiza gesi kwenye hesabu. Mengine ya petroli ni plagi, koili na sevisi ya kawaida, hayakunyimi usingizi.

Madale Juu
Asanteni sana wakuu. Na nikikuta dizeli ya bei nzuri mnadani?

Fundi Gerezani
Bei nzuri ya Japani, huioni oili, huisikii injini ikiwashwa asubuhi, hujui aliyeimiliki alikuwa anakwenda nayo wapi. Kama ungekuwa unakaa Kibaha na kazi yako Morogoro, ningekwambia chukua.

Madale Juu
Basi petroli. Ila hapa nimeona 2.5, rangi ni ile aliyoitaka mama watoto. Vipi hiyo?

Bwana Hesabu
cc 2,488. Rudi juu usome ushuru.