Mazoezi ya pamoja ya kutua ufukweni: yana faida gani kwa majeshi ya leo?

Mkaazi wa Lang'ata ameuliza:

Habari zenu, wenzangu. Kila mwaka runinga hutuonyesha majeshi washirika yakifanya mazoezi ya kutua ufukweni kutoka baharini: Cobra Gold nchini Thailand, Balikatan nchini Ufilipino, BALTOPS katika Bahari ya Baltiki. Mashua hukimbilia mchangani, milango huteremshwa, askari hutoka mbio katikati ya moshi, na wakubwa waliokaa kivulini hupiga makofi. Mimi ni mtu wa bara, nimezaliwa na kulelewa hapa Nairobi, na bahari naijua kwa likizo tu. Kwa hiyo naomba nieleweshwe. Ikiwa makombora yaliyorushwa kutoka nchi kavu yaliweza kuizamisha Moskva, meli kubwa ya kivita ya Urusi, Aprili 2022, ni jeshi gani litakalothubutu tena kuzisogeza meli zake karibu na ufukwe wa adui? Na sisi Wakenya, mambo haya yanatuhusu kwa lipi?

Baharia Mstaafu amejibu:

Ndugu yangu, unachoonyeshwa runingani ni dakika za mwisho za kazi ya wiki kadhaa, na kwa maoni yangu ndizo dakika zenye mafunzo machache kuliko zote. Kukimbia mchangani kila kuruta anajua. Ugumu uko katika kuipakia meli, kuisoma bahari na kuelewana na mshirika wako.

Kupakia sitakueleza kwa urefu. Kinachotakiwa kwanza ufukweni ndicho kinachoingizwa melini mwisho, na afisa anayelisahau hilo atajikuta na risasi zilizofukiwa chini ya magunia ya unga.

Bahari ndiyo inayoua mipango. Novemba 1943 Wamarekani waliishambulia Tarawa, ngome ya Wajapani katika Pasifiki, siku za maji mafu, yaani bahari isipojaa sana, na kina cha maji juu ya mwamba hakikutosha kuzipitisha mashua zao. Askari walilazimika kushuka mwambani na kutembea majini mamia ya mita huku wakimiminiwa risasi, na katika siku tatu za mapigano walikufa takriban 1,000. Mvuvi yeyote wa Lamu angewaambia kwamba mwamba hauvukwi kwa kubahatisha. Pwani yetu nayo ina mwamba unaoandamana na ufuo kwa masafa marefu, wenye milango michache ya kupitia. Wakati wa bamvua, bahari inapojaa na kupwa kuliko kawaida, tofauti ya maji kujaa na kupwa pale Mombasa hupita mita 3. Na kusi, upepo wa kutoka kusini, ikishika, mawimbi ya nje ya mwamba si ya kuchezewa. Ramani pekee haimfundishi mtu hayo.

La kuelewana ndilo linalofanya mazoezi haya yawe ya pamoja. Usiku wa kuamkia 28 Aprili 1944, Wamarekani na Waingereza wakijiandaa kutua Normandy, Ufaransa, msafara wa meli nane za kushushia vifaru ulikuwa ukielekea ufukwe wa Slapton, kusini mwa Uingereza, katika zoezi lililoitwa Tiger. Boti za kasi za Wajerumani zikauvamia. Meli mbili zilizama na Wamarekani wasiopungua 749 wakafa. Uchunguzi ulibaini kwamba meli za msafara na wasindikizaji wa Kiingereza walikuwa wamepewa masafa tofauti ya redio, kwa sababu ya kosa la uchapaji katika karatasi za amri. Tena askari wengi walikuwa wamevaa maboya ya kujiokolea kiunoni badala ya chini ya kwapa, hivyo walipojitosa majini uzito wa mikoba uliwapindua vichwa chini. Wiki chache baadaye, tarehe 6 Juni, kikosi kilichofanya zoezi lile kilitua ufukwe wa Utah, na waliouawa pale siku ile walikuwa wachache kuliko waliokufa zoezini.

Mwalimu wa Historia, Kasarani, amejibu:

Mzee Baharia ametoa mifano ya mbali, nami ningependa kuongeza ya jirani. Novemba 1914 Waingereza walileta kikosi cha watu wapatao 8,000 kutoka India ili kuiteka Tanga, iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani. Askari walikuwa wamechoshwa na safari ndefu, na hawakuwa wamefanya jaribio lolote la kutua kwa pamoja. Zaidi ya hayo, manowari ilitangulia bandarini kudai mji usalimu amri, jambo lililompa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, nafasi ya kuleta askari wake kwa treni kutoka Moshi. Akiwa na watu takriban 1,000 tu aliwarudisha wavamizi baharini, nao wakaacha bunduki na shehena kubwa ya risasi. Masimulizi mengi huwapa nyuki sehemu ya ushindi huo. Nyuki walikuwapo kweli na waliuma pande zote mbili, lakini mimi nawalaumu majenerali.

Kuhusu Kenya, mkumbuke Kismayo, Somalia. Tarehe 28 Septemba 2012, chini ya bendera ya AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika nchini Somalia, wanajeshi wetu walitua karibu na mji huo usiku kutoka baharini, na siku iliyofuata Al-Shabaab wakauhama. Miaka minne kabla ya hapo, Machi 2008, majeshi ya Tanzania na Sudan, kwa niaba ya Umoja wa Afrika, yalitua Anjouan, kisiwa cha Komoro, pamoja na askari wa Komoro na kumwondoa Mohamed Bacar, mtawala wa kisiwa hicho aliyeiasi serikali kuu. Anayesema kutua ufukweni ni jambo la zama za babu zetu aitazame kwanza Bahari ya Hindi.

Mwenye Shaka amejibu:

Nawaheshimu wazee wangu, lakini swali la makombora halijaguswa. Kismayo na Anjouan hazikuwa na kombora hata moja la kupiga meli. Wamarekani wenyewe wamebadili mawazo: kuanzia 2020 kikosi chao cha Marine, chenye kazi ya kutua kutoka baharini, kiliachana na vifaru vyake vyote, na sasa kinajenga vikosi vidogo vya kutawanywa visiwani vikiwa na makombora yao ya kuzuia meli za wengine. Basi zile picha za vyombo vizito vikipanda ufuo kwa safu ni za nani? Nadhani ni za jirani anayetazama kwa darubini, na za mwanasiasa anayetaka ushirikiano uonekane. Tusisahau pia kwamba mazoezi yenyewe huua: tarehe 30 Julai 2020 chombo kimoja cha Marine kilizama karibu na kisiwa cha San Clemente, California, wakafa watu tisa, na uchunguzi ukalaumu ubovu wa chombo na mafunzo hafifu.

Mkaazi wa Lang'ata:

Ahsanteni sana. Je, mazoezi ya Cutlass Express yaliyowahi kufanyika Mombasa ni ya aina hiyo hiyo?

Baharia Mstaafu:

Kwa sehemu kubwa sivyo. Cutlass Express hufundisha zaidi kupanda na kupekua meli zinazoshukiwa, kubadilishana habari, na kuzuia magendo na uvuvi haramu. Ya kutua ufukweni tuliwahi kuyaona zaidi Manda Bay, kule Lamu, enzi za mazoezi ya Edged Mallet, askari wa Marine walipokuja kufanya mazoezi na wetu.

Mwenye Shaka ana haki kuhusu makombora, na kuhusu picha sibishani naye. Hata hivyo, meli inayoweza kushusha mzigo pasipo gati ina kazi nyingine. Baada ya tsunami ya Desemba 2004 barabara za pwani ya Aceh, Indonesia, zilikuwa zimesombwa, na vyombo vya Wamarekani vinavyoelea juu ya mto wa hewa vikapeleka chakula na maji moja kwa moja ufukweni Meulaboh. Machi 2019, kimbunga Idai kilipoipiga Beira, Msumbiji, meli za India zilifika mapema, mojawapo ikiwa Shardul, meli iliyoundwa kushusha vifaru. Sisi tuna meli za aina hiyo, Galana na Tana, zilizojengwa Hispania na kupokelewa 1994. Ningependa siku moja kuziona zikishiriki zoezi la namna hiyo Kipini au Kiunga, pamoja na Watanzania na Wasumbiji, mzigo ukiwa mahema na dawa.