Mwandishi wa vichekesho anayetaka kuwa mtayarishaji: tujifunze nini katika maisha ya Norman Lear?

BintiTandika aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, shikamooni wakubwa, na habari za jioni kwa rika langu.

Huu ni mwaka wangu wa sita nikiandikia kikundi cha vichekesho hapa Dar es Salaam. Tunarekodi Mbagala, mara nyingine Kigamboni, popote tunapopata nyumba ya kuazima, na kwa desturi yetu mwongozaji huwasimulia waigizaji kisa kwa mdomo, kisha kila mmoja hujitafutia maneno mbele ya kamera. Mimi peke yangu huleta skripti iliyoandikwa mpaka mwisho, na mara nyingi hubaki mezani.

Mwezi uliopita niliandika kisa cha mzee mstaafu wa bandari anayeishi Tandika na wanawe watu wazima. Ana kiti chake kando ya redio, na hakuna anayethubutu kukikalia. Katika sebule hiyo wanabishana juu ya mahari, juu ya mkwe wa kabila jingine, na juu ya kijana aliyemaliza chuo na sasa anashinda nyumbani. Kiongozi wetu alikirudisha kisa hicho akisema ni kizito, kwamba watu wanataka kuona mtu anaanguka au anapigwa kibao. Sidharau hata kidogo uchekeshaji wa mwili. Nimekua nikimtazama King Majuto, na najua namna alivyoweza kuvunja watu mbavu kwa kugeuza shingo tu. Ila naamini hata ubishi wa sebuleni unachekesha, ukiandikwa vizuri.

Nimesoma kidogo kuhusu Norman Lear, Mmarekani aliyeandika na kutayarisha vichekesho vya familia miaka ya 1970. Naomba anayemfahamu vizuri anieleze: alifikaje mahali ambapo yeye mwandishi ndiye aliyekuwa na kauli ya mwisho? Nina miaka 38, na ninaogopa kwamba nimechelewa.

MwalimuUpanga alijibu:

Marahaba, binti yangu. Nianze na umri, maana unakutisha bure. Lear alizaliwa Julai 1922 huko New Haven, jimbo la Connecticut, na kipindi kilichompa jina, All in the Family, kilianza kurushwa na kituo cha CBS Januari 1971. Alikuwa na miaka 48. Kabla ya hapo aliacha chuo akaenda vitani, akahesabiwa safari 52 za kivita ndani ya ndege ya mabomu akiwa mwendesha redio na mpiga bunduki. Baada ya vita alihamia Los Angeles, akawa anauza samani na picha za familia nyumba kwa nyumba pamoja na Ed Simmons, na usiku wawili hao wakawa wanaandika vichekesho. Kisha ikaja miaka mingi ya kuwaandikia wengine maneno ya kusema, wakiwemo Dean Martin na Jerry Lewis. Alifariki Desemba 2023 akiwa na miaka 101, na karibu mpaka mwisho alikuwa bado anatayarisha vipindi. Wewe una nafasi kubwa.

Lakini ninalotaka ulishike zaidi ni habari ya kiti, kwa sababu nilipokusoma nilishtuka. Lear alipokuwa na miaka 9, baba yake alikamatwa kwa kuuza hati za dhamana za bandia, akafungwa jela. Mama akaanza kuuza vyombo vya ndani, na miongoni mwa vilivyotoka siku hiyo ni kiti chekundu cha ngozi ambacho baba alikuwa akikaa kusikiliza redio. Katikati ya mauzo hayo mtu mzima mmoja akamwambia yule mtoto kwamba sasa yeye ndiye mwanamume wa nyumba. Lear alikisimulia kisa hicho mpaka uzeeni, na hakukisimulia kama kichekesho. Miaka karibu arobaini baadaye akamwandika Archie Bunker, mfanyakazi wa Queens, New York, mwenye chuki na hofu nyingi, mwenye kiti chake sebuleni ambacho mwingine akikikalia hufukuzwa. Hata neno ambalo Archie humnyamazishia mkewe Edith, Lear alilitoa kinywani mwa baba yake mzazi. Kiti cha Archie kimehifadhiwa leo katika jumba la makumbusho la Smithsonian, mjini Washington. Kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba mzee wa Tandika na kiti chake ni kisa kizito kisichofaa kuchekesha.

Kuhusu kauli ya mwisho, hakupewa mara moja. Kituo cha ABC kilimlipia vipindi viwili vya majaribio vya All in the Family na kuvikataa vyote. CBS walipokubali, walitaka aondoe kauli moja ndogo katika kipindi cha kwanza. Akawaambia kwamba ikiondolewa, yeye harudi kazini. Aliona kwamba akilegea kwa neno dogo siku ya kwanza, atakuwa analegea kila wiki. Kipindi kikarushwa na kauli ile imo. Mwanzoni watazamaji walikuwa wachache, na ni marudio ya majira ya joto pamoja na tuzo za televisheni za Emmy yaliyowaleta. Baada ya hapo kikaongoza kwa watazamaji misimu mitano mfululizo.

KameraKinondoni alijibu:

Mwalimu amesema vyema, ila naomba kuongeza upande wa karatasi, kwa kuwa mimi ni mtayarishaji na ndipo nilipoumia.

Kwanza, wazo la All in the Family halikuzaliwa kichwani mwa Lear. Lilitoka kwenye kipindi cha BBC cha Johnny Speight, cha mzee wa London mwenye ulimi mkali. Lear alinunua haki, akakihamishia New York, akakijaza baba yake mwenyewe. Kununua haki hakukumpunguzia heshima yoyote, na ningependa sisi tunaochukua visa vya wenzetu kimyakimya tulifikirie hilo.

Pili, yeye na Bud Yorkin walikuwa na kampuni yao, Tandem. Kituo kililipa ili kurusha kipindi, lakini mali ilibaki kwa kampuni. Tuwe waadilifu hapa: wakati ulimsaidia. Mwaka 1970 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani iliwawekea vituo vikubwa masharti yaliyowabana kumiliki vipindi walivyorusha, hivyo watayarishaji wa nje wakapata nguvu ya kujadiliana. Mwaka 1985 Lear na mshirika wake Jerry Perenchio waliuza kampuni zao kwa Coca-Cola, iliyokuwa ikimiliki kampuni ya filamu ya Columbia, kwa dola milioni 485. Mwandishi hodari asiye na umiliki asingefika huko hata angechekesha vipi.

Hapa kwetu hali ni nyingine. Miaka michache iliyopita nilipeleka mfululizo wa vipindi 13 kwenye kituo kimoja, nikaambiwa ama niwauzie moja kwa moja kwa bei isiyorudisha hata mafuta ya jenereta, ama nilipie mwenyewe muda wa hewani. Nikauza, nikasaini bila kusoma mpaka mwisho, na leo vipindi vile vinarudiwa bila jina langu. Kwa hiyo, dada yangu, ile skripti inayoachwa mezani usiidharau. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 1999 hailindi wazo tupu, inalinda kazi iliyotungwa na kuwekwa katika umbo. Kisa kilichosimuliwa kwa mdomo getini Mbagala ni vigumu kuthibitisha kuwa ni chako. Skripti yenye jina na tarehe unaweza kuisajili COSOTA, ofisi yetu ya hakimiliki, kisha ukazungumza na kikundi ukiwa na kitu mkononi. Fanya hivyo kabla hujawasomea tena.

MamaJukwaaTemeke alijibu:

Mimi ni mwigizaji, na nina neno kwa wote watatu. Kauli ya mwisho ya mwandishi ni jambo jema, lakini inaweza pia kumziba masikio. Katika Good Times, kipindi cha Lear kilichohusu familia ya Wamarekani weusi katika nyumba za umma za Chicago, John Amos, aliyeigiza baba, alilalamika kwamba waandishi wanamtegemea mno kijana J.J. kwa mizaha ya kitoto, wakiwaacha nyuma wadogo zake wenye ndoto za udaktari na sheria. Ubishi ukawa mkali, naye akaondolewa mwaka 1976, na mhusika wake akauawa katika ajali ya gari. Kwa maoni yangu Amos alikuwa na haki, na kipindi kilipungukiwa baada ya baba yule kuondoka.

Ndiyo maana, mwanangu, nakusihi usiingie kwa waigizaji wako kama mtu aliyekuja kuwafunga midomo. Wamezoea kujitafutia maneno, nao wanajua mambo ambayo karatasi haiyajui. All in the Family ilirekodiwa kama mchezo wa jukwaani, mara mbili siku hiyohiyo, kila mara mbele ya watu walioketi ukumbini, na palipopwaya mara ya kwanza palirekebishwa kabla ya mara ya pili. Hilo linawezekana hata Tandika. Kusanya majirani ishirini uani, waigizaji wasome skripti neno kwa neno mara moja, halafu waachie huru mara ya pili, na wewe ukae nyuma na kalamu uandike kila mahali watu walipocheka na kila mahali walipogeuza macho.

BintiTandika aliandika tena:

Nawashukuru sana. Mwalimu, habari ya kile kiti chekundu nimeisoma mara tatu, na nimegundua kwamba katika skripti yangu sikuwahi kueleza kwa nini mzee analinda kiti chake. Nitaanza na hapo. Kaka wa Kinondoni, pole kwa yaliyokupata, na Jumatatu nitakwenda COSOTA. Mama, uani kwetu panaenea watu thelathini wakikaa kwenye mikeka. Nimeshazungumza na waigizaji wawili, nao wamekubali Jumamosi baada ya Alasiri.