Mzee amekataa kukatwa mguu. Watoto wana haki ya kumsainia?

Mleta mada: Wakuu, shikamooni wakubwa. Baba mkwe ana sukari ya miaka mingi, kidonda cha mguu kimeoza. Daktari kashauri ukatwe chini ya goti. Mzee ana akili timamu, kaelezwa, kasema hapana. Watoto wamekaa kikao wakaamua kaka mkubwa asaini fomu. Mimi mkwe tu, lakini nasema fomu ile ni ya mzee. Anayelipa bili hajanunua mguu. Nipingeni.

Kifungua mimba: Nakupinga. Maambukizi yakiingia kwenye damu ni suala la siku chache. Mtu mwenye homa na maumivu makali, hiyo "hapana" yake ina uzito gani? Halafu lawama za msibani tunabeba sisi watoto, si wewe mkwe.

Muuguzi wa wodi ya upasuaji: Mwenye akili timamu anasaini mwenyewe. Ndugu anasaini mgonjwa akiwa hajitambui. Homa ikimvuruga akili, daktari atapima hilo. Halipimwi na kikao cha ukoo. Ila mleta mada, mmemuuliza kwa nini hataki? Watoto wakishatoka ndipo wazee hunieleza. Mmoja anaogopa ng'ombe watauzwa. Mwingine hataki kupelekwa chooni na mkwe wake wa kike. Mwingine kaona jirani kakatwa kidole, kikafuata kisigino, kikafuata goti, na bado akafa. Huyo wa mwisho si mjinga, maana mishipa ikiziba hata jeraha la upasuaji hugoma kupona. Huyo wa ng'ombe ana jibu: hapa Tanzania mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo ana msamaha wa matibabu. Nendeni ustawi wa jamii hapo hapo hospitalini.

Wa Mombasa: Kwetu Kenya, Sheria ya Afya ya 2017 inataka mgonjwa aelezwe kwa lugha anayoielewa, pamoja na haki yake ya kukataa. Karatasini safi! Wodini daktari bado humwita mtoto wa kiume pembeni. Mamangu alijua ana saratani ya koo kwa kutusikia tukinong'ona jikoni.

Mleta mada: Muuguzi, alisema "lile shamba msiliguse". Kikao kizima kilidhani anaongelea urithi.

Kifungua mimba: Sawa, shamba lipone, bili isamehewe. Akisema tena hapana?

Muuguzi wa wodi ya upasuaji: Basi ni hapana, na kazi haijaisha. Kidonda kinasafishwa, maumivu yanatibiwa. Kuna tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso hata kama ugonjwa hauponi. Shirika la tiba hiyo, Hospice Africa Uganda, lililoanzishwa 1993, limewazoesha wagonjwa kunywa morfini ya maji, dawa kali ya maumivu, wakiwa nyumbani. Na aambiwe wazi kuwa anaweza kubadili mawazo hata kesho asubuhi, hakuna atakayemsuta.

Kifungua mimba: Kuongea naye nakubali. Kumwacha afe na mguu unaokatika, bado sikubali.