Naomba ushauri: nawaandalia viongozi safari ya Ujerumani

Wakuu, habari za leo. Niko ofisi moja ya umma hapa Mwanza, nimepewa jukumu la kuandaa safari ya viongozi 6 kwenda Würzburg, mji dada wa Mwanza tangu 1966. Tunaondoka Februari.

Barua za mwaliko na bima ya yuro 30,000 ziko tayari, viza tunaombea Dar. Kinachoninyima usingizi ni mzee wetu mmoja mwenye shinikizo la damu. Nimemwambia dawa ziwe kwenye begi la mkononi, ndani ya pakiti zake, pamoja na barua ya daktari. Inatosha? Na baridi ile, mtu aliyezoea joto la Kirumba avae nini hasa?

Kutoka Frankfurt treni ni saa moja na kitu tu, ila kuna kuburuta mizigo na wezi wa mifukoni stesheni. Mimi naona tukodi gari, bosi analia gharama. Namba ya dharura ya huko, 112, nimemwandikia kila mmoja kwenye karatasi.

Mliowahi kusafiri na ujumbe wa serikali: pasipoti nizishike mimi zote, au kila mtu abaki na yake?