Datsun 240Z iliyobadilishwa sana: niirudishe katika asili yake au niiache ilivyo?

Tairi_la_Akiba
Ndugu wanajukwaa, habari zenu. Nimepata nafasi ya kununua Datsun 240Z ya mwaka 1972 ambayo imebadilishwa mno: injini ya asili imetolewa na mahali pake imefungwa RB25 ya Skyline yenye tabo, madigadi yamepanuliwa, viti ni vya mashindano, na dashibodi imetobolewa ili kupachika mita za ziada. Ninasita kati ya kulirudisha gari katika hali ya kiwandani, kuliacha lilivyo nikirekebisha kasoro tu, au kulijenga kwa mfano wa yale yaliyoshinda Safari Rally. Muuzaji anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Naomba ushauri wa waliowahi kufanya kazi ya namna hii.

Bisibisi
Mleta mada, umetueleza habari za viti na mita, lakini yale yanayoamua jambo hili umeyaacha. Gari limekaa wapi miaka yote hii? Namba ya chesi inaanzaje, na je, kibati kilichomo ndani ya boneti bado kipo? Madigadi ya nyuma yamekatwa au yamefunikwa tu? Injini ya asili iko wapi? Bei ni kiasi gani? Pasipo majibu hayo, kila mtu hapa atakushauri kuhusu gari lililomo kichwani mwake.

Tairi_la_Akiba
Ahsante, Bisibisi. Gari liko Mombasa, limefunikwa turubai uani. Namba inaanza na HS30 na kibati kipo. Kuhusu injini ya asili, muuzaji anasema ameihifadhi kwa nduguye. Madigadi ya nyuma sikuyachungulia kwa ndani.

Bisibisi
HS30 ni habari njema, kwa sababu inaonyesha kwamba gari lilitoka kiwandani likiwa na usukani wa kulia, halikuhamishiwa baadaye. Mombasa na turubai ni habari mbaya, maana huleta kutu. Ikumbukwe kwamba gari hili halina chesi ya kujitegemea. Bodi ndiyo chesi, kwa hiyo kutu ya sakafu ni kutu ya uti wa mgongo. Muombe muuzaji anyanyue betri, kisha utazame sahani iliyo chini yake na muhimili unaopita hapo, maana asidi ikidondoka huanza kula sehemu hiyo kabla ya nyingine. Chukua sumaku ndogo, uifunge kitambaa isikwaruze rangi, uipitishe nyuma ya milango, mbele kidogo ya gurudumu la nyuma. Pale isiposhika, ujue umekutana na puti, yaani kijazio kilichopakwa kuficha bati lililoharibika.

BintiKisauni
Sioni sababu ya kuiondoa RB25. Ni injini ya Nissan, ambao ndio waliotengeneza Datsun, ina silinda sita za mstari kama ile ya asili, na vipuri vyake vinapatikana. L24, yaani injini ya asili ya gari hili ya lita 2.4, pamoja na kabureta zake mbili za Hitachi ni nzuri kuisikiliza, lakini nani atakutengenezea kabureta hizo kila zinapozingua? Weka breki zinazolingana na nguvu ya injini, tengeneza nyaya upya, ubadilishe shokapu, kisha uliendeshe gari. Na wanaolia kuhusu madigadi wakumbuke kwamba Nissan wenyewe waliuza 240ZG huko Japani mwaka 1971, ikiwa na pua ndefu na madigadi ya ziada yaliyofungwa kwa ribiti.

MzeeWaSafari
Binti yangu, 240ZG haihusiani na gari hili. Lililotupa heshima sisi huku ni 240Z iliyopita kwenye matope na vumbi la Kenya, Uganda na Tanzania. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda, Shekhar Mehta akashika nafasi ya pili kwa gari la aina hiyohiyo, na mwaka 1973 Mehta akashinda pamoja na Lofty Drews baada ya kulingana pointi na Harry Källström wa Datsun 1800 SSS. Ushauri wangu ni huu: bodi nyekundu, boneti nyeusi isiyong'aa, taa kubwa mbele, na injini ya L, ya ukoo wa L24. Hapo utakuwa na gari lenye historia.

Bisibisi
Shikamoo, mzee wangu. Litakuwa na rangi ya historia, si historia yenyewe. Tena, kama mleta mada anafikiria kushindana, ajue kwamba hati za FIA, shirikisho la kimataifa la mchezo wa magari, kwa magari ya kihistoria hutaka gari liwe na vifaa vya kipindi chake, na RB25 yenye tabo ni injini ya miaka ya 1990.

MzeeWaSafari
Marahaba. Ndiyo maana nimesema injini ya L. Zaidi ya hayo, magari ya Safari yenyewe yalibadilishwa na kiwanda. Ukitafuta asili kamili hata hilo la Herrmann halikuwa nayo.

Karani_Mstaafu
Kabla hamjamaliza kupaka rangi gari ambalo halijanunuliwa, niruhusuni nieleze yaliyonikuta. Nilipeleka Datsun 1600 SSS yangu kwa gereji moja ya Nairobi iliyosifiwa na kila mtu, nikalipa sehemu kubwa ya fedha mapema kwa kuwa ndivyo walivyotaka. Walilifungua gari lote kwa muda mfupi wa kutia moyo, halafu kazi ikasimama. Nilipokwenda kuangalia, nilikuta boliti zote, za injini na za bodi, zimetiwa katika debe moja la rangi, na urembo wa chuma unaozunguka kioo cha mbele haujulikani uliko. Lakini hayo yangevumilika. Kubwa ni kwamba walikata vizingiti vya chini ya milango, pande zote mbili kwa pamoja, bila kulehemu mihimili ya muda ya kushikilia bodi na bila milango kuwa mahali pake. Bodi ikalegea katikati. Walipolehemu vizingiti vipya, walilehemu ulegevu ule ukiwa ndani yake, wakapaka rangi nzuri sana, wakaniita nichukue gari. Mlango wa dereva haukufunga. Fundi aliniambia utakaa sawa ukizoea, kisha akachukua tindo akaanza kupinda kitasa mbele yangu. Baadaye gereji ilihama, na simu zangu hazikupokelewa tena.

Kwa hiyo swali si injini gani. Swali ni nani atakayekata bati, na je, atakuruhusu umtembelee kila wiki ukiwa na kamera yako?

BintiKisauni
Pole sana, mzee. Hiyo nayo ni sababu nyingine ya kutoligusa bati lisilo na ulazima. Injini iliyofungwa kwa boliti inaweza kutolewa wakati wowote. Bati likishakatwa halirudi.

Bisibisi
Hapo tunakubaliana, ingawa yule aliyepanua madigadi huenda alishalikata. Mleta mada, bado hujataja bei.

Tairi_la_Akiba
Nimerudi. Bei ni shilingi 2,500,000, na muuzaji anasema L24 imo ndani ya bei hiyo. Jana nilipelekwa kwa nduguye nikaiona injini. Namba iliyopigwa kwenye bloku inatanguliwa na L28. Betri haikunyanyuliwa, aliniambia boliti zake zimekwama.

MzeeWaSafari
L28 ilifungwa pia kwenye Nissan Patrol za 160. Ni injini imara, ya lita 2.8, na itaingia. Kagua sampu tu, lile bakuli la oili chini ya injini.

Bisibisi
Itaingia, lakini siyo injini iliyoandikwa kwenye kibati, wala siyo aliyoahidi muuzaji. Na boliti zilizokwama juu ya sahani ya betri zimekwamishwa na nini, kama si kutu? Rudi na mafuta ya kulegeza boliti na spana yako mwenyewe.

Karani_Mstaafu
Na logibuku inasema injini ipi kati ya hizo tatu?